Jinsi ya kuandika historia ya shirika la ndege la jirani ukiwa hapa Mwanza

Wengi wakitaka kuandika habari za shirika la ndege la taifa huanza na mwaka wa kuanzishwa na waziri aliyekata utepe. Mimi niliyeuza tiketi Barabara ya Kenyatta mpaka nikastaafu nasema waziri asubiri. Jina la shirika hufa na kufufuka, lakini kila ndege ina namba yake. Anza na namba. Mfano wangu ni Uganda Airlines, kwa kuwa ni majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa na shirika lao limeanzishwa mara mbili.

Chukua picha ya zamani, hata ya albamu ya sebuleni, utazame ubavuni karibu na mkia. Namba ya usajili ikianza na 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Ukikuta VR-T, VP-K au VP-U, hiyo ni picha ya enzi za mkoloni au ya karibu sana na uhuru. Hapa ndipo watu hupotea: wakiona 5X wanaandika "Uganda Airlines", kumbe ni East African Airways. Shirika hilo lilianza 1946, likawa la nchi zote tatu, na usajili wa ndege zake uligawanywa kati yao. Ndege zake tano za aina ya Super VC10 zilikuwa 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. 5X-UVA ilianguka Addis Ababa Aprili 1972. Shirika lilipovunjika 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za jeshi za kujazia nyingine mafuta angani. Kwa hiyo soma namba pamoja na jina lililoandikwa ubavuni, usitegemee kimoja.

Halafu tafuta tiketi. Tiketi ya karatasi ilikuwa kijitabu chembamba, na nyuma ya kuponi kuna kaboni nyekundu inayochafua vidole mpaka leo; nawa kabla ya kugusa picha. Tarakimu tatu za mwanzo wa namba ya tiketi hutaja shirika lililoitoa: 197 ni Air Tanzania. Ila hilo si lazima liwe ndilo lililombeba abiria, maana tiketi moja iliweza kuwa na safari za mashirika mawili au matatu. Tazama herufi mbili zilizo kwenye mstari wa kila safari. EC ni East African Airways, QU ni Uganda Airlines ya kwanza, UR ni hii ya sasa. Viwanja navyo vina vifupisho vyake: MWZ ni sisi, EBB Entebbe, BKB Bukoba. Piga picha kila ukurasa karibu na dirisha, na tafadhali usilaminishe wala kubandika selotepu.

Ukienda kwa wazee, usiwaulize mwaka. Baada ya shikamoo na chai, uliza: ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera au baada? MV Bukoba ilikuwa imeshazama? Hapo utapata jibu, kwa sababu Mwanza hakuna asiyekumbuka alikokuwa Mei 1996 meli ile ilipozama. Muulize pia aliyekuwa mpakiaji mizigo, si rubani tu. Mpakiaji anajua ndege ilikuja na nini na iliondoka na nini.

Sasa ndipo uweke miaka. Uganda Airlines iliundwa Mei 1976, ikaanza kuruka 1977. Tarehe 17 Oktoba 1988 Boeing 707 yake, 5X-UBC, ilianguka Roma kwenye ukungu ikijaribu kutua kwa mara ya tatu; walikufa watu 33. Shirika lilifungwa 2001. Miaka ya 1990 ina Alliance Air pia, ubia wa Uganda, Tanzania na shirika la Afrika Kusini; uipe ukurasa wake, usiichanganye. Uganda Airlines ya pili iliruka kibiashara 28 Agosti 2019, Entebbe hadi Nairobi, kwa ndege ya aina ya CRJ900. Airbus zake mbili za A330-800 ni 5X-NIL na 5X-CRN: NIL ni Nile, CRN ni "crane", yaani korongo wa kwenye bendera yao. Aliyechagua herufi hizo alinirahisishia kazi.

Ukiwa mtu wa Mwanza, ongeza utangulizi ambao wenzako wa Kampala huenda wakausahau: tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, ilianza safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia ulikuwa hapa Mwanza, miaka 15 kabla ya East African Airways. Njia hiyo ilirefushwa mpaka Cape Town mwaka uliofuata.

Wazee wawili wakipingana kuhusu safari moja, andika maneno ya wote wawili, kila mmoja na kazi aliyokuwa akifanya wakati huo. Tiketi ikipatikana baadaye, utasahihisha.