Fuata pigo moja la moyo ukiwa na moyo wa mbuzi mkononi

Wanafunzi wangu wa uuguzi hapa Mtwara huja wakitaja sehemu zote za moyo bila kukosea, lakini ukiwauliza vali, ile milango inayoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, hufunguliwa na nini, darasa zima linanyamaza. Mchoro wa ubaoni hautoshi. Twende buchani.

Hatua ya 1: Pata moyo mzima. Mwahi muuza nyama siku moja kabla: "Kaka, niwekee moyo wa mbuzi, usiuchane, na mishipa ya juu iache mirefu." Ukichelewa utapewa uliokwisha kuchanwa kwenye ukaguzi wa nyama, nao haushiki maji. Andaa kisu kikali, beseni, jagi la maji na glavu. Moyo wa mbuzi ni mdogo kuliko wetu, ila vyumba ni vinne vilevile na vali nne.

Hatua ya 2: Uminye. Upande mgumu ndio wa kushoto. Wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu, ambayo ni majirani. Wa kushoto huisukuma hadi utosini na unyayoni. Anayejua jinsi maji yanavyopandishwa kutoka bondeni hadi Newala, mji ulio juu ya uwanda wa Makonde, hatashangaa kuona ukuta huu ni mnene kuliko mwenzake.

Hatua ya 3: Anza na pumziko. Wengi huanzia moyo unapojikaza. Mimi naona hapo ndipo wanafunzi wanapopotea. Moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.8, na karibu nusu ya muda huo moyo wote umelegea. Vali za katikati ziko wazi, damu inateremka yenyewe kutoka vyumba vya juu hadi vya chini. Sehemu kubwa ya damu huwa imeshaingia ndipo umeme mdogo unapoanzia juu kulia, na vyumba vya juu vinajikaza kama sekunde 0.1 kumalizia kilichobaki. Umeme husita kidogo kabla ya kushuka, ili vyumba vya chini visijikaze kabla havijajaa.

Hatua ya 4: Tazama vali ikijifunga. Kata chumba cha juu cha kushoto ukiondoe, mimina maji kwenye chumba cha chini, kisha kiminye kuanzia nchani kwenda juu, maana ndivyo msuli wenyewe unavyojikaza. Vipande viwili vyembamba vya vali vitapanda na kukutana, na maji yatatokea kwenye mshipa mkubwa, aota. Rudia mara tatu au nne, usiharakishe. Hakuna msuli uliovuta vali hiyo: shinikizo la damu ndilo hufungua, ndilo hufunga. Zile nyuzi nyeupe chini yake, zikikazwa na misuli midogo ya ndani, huzuia vali isipinduke, kama kamba ya demani inavyolishika tanga lililojaa upepo. Kufunga huku ndiko sauti ya kwanza, "dum". Kwa mtu mzima aliyetulia, kila upande hutoa kama mililita 70 kwa pigo, yaani lita 5 hivi kwa dakika.

Hatua ya 5: Mimina maji ndani ya aota. Vifuko vitatu vitajaa na kuziba. Chini hapadondoki kitu. Hiyo ndiyo sauti ya pili, "ta". Maji yakipungua polepole usidhani vali imeharibika. Yanapenya kwenye matundu mawili yaliyo juu ya vifuko, midomo ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Msuli wa kushoto hupata damu yake nyingi ukiwa umelegea, kwa hiyo moyo unapokwenda mbio kupita kiasi, unapunjwa muda wa kujaa na muda wa kula.

Hatua ya 6: Nawa vizuri, kisha weka sikio kifuani kwa mtoto aliyelala. Dum, ta. Sikiliza kimya kinachofuata "ta", kile kirefu zaidi. Hapo moyo unajaa.