Namna ya Kuandaa Kitabu cha Wahitimu wa Mlimani na Michango Yao kwa Jamii

Kamati ya wahitimu inapokusudia kuandaa kitabu cha mafanikio ya wenzao, jambo la kwanza kuafikiana ni nani hasa anayestahili kuitwa mhitimu wa chuo hicho, na kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, jibu lake lina kona nyingi. Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo cha sheria pekee katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Aliyesomea kilimo Morogoro kabla Chuo Kikuu cha Sokoine hakijaanzishwa mwaka 1984 ana shahada ya Dar es Salaam, sawa na daktari aliyehitimu Muhimbili katika miaka ya 1980. Hawa waingizwe kitabuni, ila historia ya kitivo chao ielezwe, kwa kuwa vyuo vilivyorithi vitivo hivyo navyo huwahesabu kuwa watu wao.

Majina makubwa yasiwachukulie kurasa nyingi. Jakaya Kikwete, John Magufuli, Yoweri Museveni, Asha-Rose Migiro aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, na Willy Mutunga aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, wameshaandikwa vya kutosha, na aya fupi kwa kila mmoja inatosheleza. Kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa wa vitabu vya namna hii ni kuorodhesha vyeo chini ya kichwa cha michango. Cheo kinaeleza mtu alikalia kiti gani. Mchango unaeleza wananchi walipata nini ambacho hawakuwa nacho.

Kwa hiyo hojaji mtakayoisambaza, hata kama ni kupitia makundi ya WhatsApp ya madarasa, isiulize tu wasifu wa kazi. Iulize ni huduma gani mhitimu aliitoa, wapi, mwaka gani, akishirikiana na nani, na ni nani anayeweza kuithibitisha. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mhandisi akisema alisimamia uchimbaji wa kisima Chanika, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkamwone mtendaji, kisha mzungumze na wanaochota maji, mkiuliza kama kisima bado kinafanya kazi na nani hulipia matengenezo ya pampu. Darasa likidai kuwa lilichangia maabara ya sekondari Kigamboni, mkuu wa shule aombwe kuonyesha kumbukumbu za mapokezi, na mwalimu wa kemia aulizwe ni vifaa gani vinavyotumika. Mara nyingi mtagundua kwamba wazazi walijitolea mchanga, kokoto na nguvu zao, nao ni haki watajwe katika ukurasa huohuo. Kisima kilichokauka nacho kiandikwe kwamba kimekauka.

Michango isiyo na jengo hupotea kwa urahisi zaidi: wakili anayewatetea wajane bila malipo katika mashauri ya mirathi, mwalimu mstaafu anayefundisha hisabati jioni mtaani kwake, muuguzi anayeelimisha wajawazito baada ya zamu. Wengi wa aina hii hawatajaza hojaji, ama kwa haya, ama kwa kudhani walichofanya si kitu. Watafuteni kwa kuwauliza waliohudumiwa.

Kabla ya kuchapa, kila anayeelezwa aonyeshwe maandishi yanayomhusu na aridhie kwa saini, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa kazi ya namna hii, na namba za simu hazina sababu ya kuwamo kabisa. Jina la mgonjwa, mteja wa wakili au mwanafunzi aliyelipiwa ada lisitajwe. Picha za mahafali ni chache tu zinazohitajika.

Nakala moja ikabidhiwe maktaba ya chuo, na nyingine zipelekwe katika kila mtaa, shule na zahanati iliyotajwa, zikiwa na anwani ya kamati ya kupokea masahihisho.