Betri ya moyo: kuipanga imfae mgonjwa na idumu

Mgonjwa anayefika zahanati ya Rungwe au Makete akilalamika kizunguzungu, pumzi kukata anapopanda mlima au kuanguka ghafla, ahesabiwe mapigo kwa dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4, mapigo yanayoruka yatakupita. Yakiwa chini ya 50 na dalili zipo, apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya nyaya 12 siku hiyohiyo.

Kabla ya kuwaza betri (pacemaker, kifaa kinachowekwa chini ya ngozi kuusukuma moyo upige), fungua mfuko wake wa dawa. Atenolol, propranolol, verapamil na digoxin zote hupunguza mapigo, na wapo ambao daktari akisimamisha dawa tu, moyo unarudi wenyewe. Pima potasiamu na homoni ya tezi ya shingo. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu imepanda anaweza kushuka hadi mapigo 30, na tiba yake ni kuishusha potasiamu.

ECG ikionyesha vyumba vya juu na vya chini vinapiga kila kimoja kivyake, umeme umekatika kabisa katikati. Kama presha iko chini au fahamu zinapotea, toa atropine 1 mg kwenye mshipa, irudiwe kila dakika 3 hadi 5, jumla isizidi 3 mg. Usiitegemee sana. QRS (wimbi la vyumba vya chini kwenye ECG) ikiwa pana, umeme umekatikia chini na atropine mara nyingi haifiki huko. Anza adrenaline kwa dripu, mikrogramu 2 hadi 10 kwa dakika. Kama hospitali ina mashine ya kuusukuma moyo kwa vibandiko vya kifuani, iweke mapigo 70, panda miliampea 10 kila hatua hadi kila mshtuo ufuatwe na QRS pana, kisha ongeza kidogo. Thibitisha kwa mshipa wa paja. Ule wa shingo hudanganya, kwa kuwa misuli inaruka pamoja na mshtuo. Na mpe dawa ya maumivu, maana inauma.

Betri nyingi huwekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Toka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mteremko mkali wa Kitonga uko njiani. Mgonjwa wa namna hii hapandishwi basi akiwa na ndugu mmoja na barua ya rufaa. Asafiri na muuguzi, monita, dripu inayotembea na vibandiko vikiwa tayari kifuani.

Sasa upangaji, ambako ndiko kazi nyingi hubaki baada ya kovu kupona. Mgonjwa ambaye vyumba vyake vya juu vinafanya kazi vizuri ila umeme haushuki, anafaa DDD, yaani waya mbili na juu na chini kufuatana. Mwenye mtetemo wa kudumu wa vyumba vya juu anatosheka na VVI, yaani waya mmoja wa chumba cha chini tu. Ukimpa VVI yule wa kwanza, anaweza kuchoka na kusikia shingo ikidunda, kwa sababu vyumba vya juu vinajikamua huku milango ya kuingia vyumba vya chini imefungwa. Kiwango cha chini kwa kawaida ni mapigo 60. Herufi R ya mwishoni, kama DDDR, ina maana mashine inaongeza mapigo inapohisi mwili unatikisika. Kwa mkulima anayepanda na kushuka milima ni msaada mkubwa, ila bodaboda kwenye barabara ya mashimo nayo inatikisa. Akilalamika moyo kwenda mbio akiwa amekaa tu juu ya pikipiki, punguza wepesi wa kihisi kabla ya kushuku waya.

Siku ya kuwekwa, nguvu ya umeme huachwa juu, mara nyingi volti 3.5 kwa milisekunde 0.4. Ncha ya waya huvimbisha nyama ya moyo, na umeme unaohitajika kuuamsha hupanda wiki za kwanza kabla ya kutulia. Baada ya miezi 3 hivi pima upya. Kama volti 1.0 inatosha kuuamsha, weka mara mbili yake, volti 2.0; kwa mtu asiye na pigo lake mwenyewe, 2.5 inakuacha ulale bila wasiwasi. Nishati ya kila pigo hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kutoka 3.5 hadi 2.0 inaokoa karibu theluthi mbili. Ziara hii ndiyo wengi huiruka kwa kuwa wanajisikia vizuri na nauli ni kubwa, na ndiyo inayoongeza miaka ya betri.

Soma pia ukinzani wa waya. Kwa waya nyingi huwa kati ya omu 300 na 1,000. Ukishuka ghafla, ganda la waya limepasuka. Ukiruka juu sana, waya umekatika au skrubu kwenye kichwa cha betri imelegea. Kila kampuni ina kompyuta yake, na haisomi betri ya kampuni nyingine. Ndiyo maana kadi ya betri, inayotaja kampuni, isibaki nyumbani hata siku moja.

Wiki 4 hadi 6 za mwanzo, mkono wa upande wa betri usipande juu ya bega: hakuna kutwanga, jembe, wala kujitwisha ndoo. Lakini usifungwe kwenye kitambaa cha kuning'iniza mkono muda wote, bega litaganda. Mfuko wa betri ukivimba, usiuchome sindano kuvuta damu; utaingiza vijidudu. Waya au betri ikichungulia nje ya ngozi, vidonge haviokoi kitu, vyote hutolewa.

Simu ikae sentimita 15 mbali, sikio la upande wa pili. Msumeno wa mnyororo wa Mafinga injini yake isikaribie kifua. Fundi wa kuchomelea abaki chini ya ampea 130, cheche ziwe sentimita 60 toka kifuani, na aache mara akisikia kizunguzungu.

Betri hukaguliwa kila miezi 6 hadi 12. Inapotoa ishara ya kubadilishwa, kwa kawaida kumebaki miezi 3 hivi. Panga safari wiki hiyo. Waya zikiwa nzima, hubadilishwa kiboksi tu.