Amplifaya ya mtumba: igeuze nyuma kwanza

Ukikuta amplifaya ya mtumba pale Mtwara mjini, usihangaike na maandishi makubwa ya PMPO, yaani wati za kilele zilizokuzwa kwa ajili ya tangazo. Hayo ni mapambo tu. Igeuze nyuma. Ikiandikwa AC 100V, ilitengenezwa kwa soko la Japani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230V yetu, utaambulia moshi. Itataka transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni gharama nyingine. Soma na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za spika: ikidai kuanzia 8, usiipe za 4. Wati 30 za kweli kila upande zinatosha kabisa sebule ya Shangani, na jirani atajua. Zungusha swichi ya sauti taratibu. Ikikwaruza, mara nyingi ni vumbi au kutu ya hewa ya chumvi. Fundi husafisha, ila bei ishuke hapohapo.