Antivirusi ya bure haikubali? Tazama laini ina jina la nani

Kwa mliopanga Mji Mkongwe au Chake na intaneti ya nyumba imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba: kiungo cha antivirusi inayokuja na kifurushi kwa kawaida hutumwa kwenye baruapepe ya mwenye mkataba, si yako. Mwombe aingie kwenye akaunti yake, aiwashe antivirusi hiyo, kisha akupe kiungo. Kabla ya kusakinisha, ondoa antivirusi ya zamani na uwashe kompyuta upya. Mbili zikikaa pamoja huzuiana na kazi hukwama katikati. Idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa ikiwa imejaa, atoe kimoja kwanza. Kifurushi chenyewe kikiwa hakina ofa hiyo, utabonyeza mpaka alfajiri; basi tumia Defender, antivirusi ya Microsoft, imo tayari ndani ya Windows 10 na 11.