Fedha za MEWAKA shuleni: zitumike kwa nini, na hesabu zake zikae vipi (somo na maswali)

Walimu wenzangu, habari za kazi. Somo hili ni la waratibu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule za msingi. Kila fedha inapoingia swali huwa lile lile: tununue nini? Naomba tuanze na swali jingine: mwalimu gani amekwama wapi?

Hatua ya 1: Ijue fedha kwa jina lake

Ruzuku ya uendeshaji, iliyoanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule Januari 2016 na Elimu bila malipo, ilipangwa kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo ni za vitabu, haziji shuleni; zinazofika ni 6,000. Shule ya wanafunzi 600 hupata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Fedha ya mafunzo ya walimu iliyokuja kupitia mradi kama BOOST, ule wa kuboresha elimu ya awali na msingi, ni nyingine, na ina barua yake. Soma barua hiyo mstari kwa mstari pamoja na mwalimu mkuu, kisha fedha iingizwe kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, kwa chanzo chake. Ukizichanganya, hutaweza kueleza hata matumizi yaliyokuwa halali.

Hatua ya 2: Jumuiya ikae kabla ya bei kuulizwa

Hapa ndipo penye kazi. Mwaka mmoja shuleni kwetu tulinunua manila, makapeni na rimu kwanza, halafu ndipo tukatafuta mada. Kabati lilijaa. Darasani hakikubadilika kitu, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Mwaka uliofuata Jumuiya ya Kujifunza ya walimu wa Hisabati, yaani walimu wa somo moja wanaokutana kujifunza pamoja, ilikaa na madaftari ya darasa la IV mezani. Swali lilikuwa 402 toa 178. Watoto wengi waliandika 376. Tukatazama kwa makini: hawakuwa wakibahatisha. Kila safu walitoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Mwalimu wa darasa akasema kwa unyoofu kwamba zero ikikaa katikati, hata yeye hupata shida kueleza.

Hilo ndilo hitaji. Likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, likasainiwa. Ndipo tukauliza bei: vijiti na mipira ya kufungia mafungu ya kumi na ya mia, bando la kupakua moduli kutoka mfumo wa kujifunzia mtandaoni wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), kuichapa nakala chache, na nauli ya mwalimu wa shule jirani anayelifundisha somo hilo vizuri. Ilikuwa fedha ndogo kuliko ile ya manila.

Hatua ya 3: Chekecha orodha

Kila kitu kwenye orodha kiulizwe: kinajibu mstari gani wa muhtasari? Moduli, karatasi, zana za kufaragua, bando, nauli ya mwezeshaji anayetoka nje, vyote hivyo huwa na jibu. Sare za walimu hazina. Safari ya kupongezana haina. Mafuta ya gari la mgeni hayana. Posho ya kikao kwa mwalimu aliyekaa na wenzake shuleni kwake ndiyo inayogombanisha watu zaidi. Najua mishahara ilivyo, lakini jumuiya ni sehemu ya kazi yetu, na posho ya siku moja ingemeza zana za muhula mzima.

Hatua ya 4: Kamati, ununuzi, risiti

Dokezo kwa mwalimu mkuu, kikao cha kamati ya shule, ununuzi kwa utaratibu wa serikali, hati ya malipo, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), mahudhurio. Vyote faili moja.

Hatua ya 5: Rudi kwenye madaftari

Mwalimu afundishe, wenzake wakae nyuma ya darasa wakiwatazama watoto. Baada ya wiki mbili kusanya madaftari tena, ambatisha nakala za kabla na za baada. Mthibiti ubora akija, muoneshe hizo kwanza, risiti baadaye.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Chai na maandazi ya kikao vinaruhusiwa?*

Marahaba. Kama vimo kwenye barua ya fedha na kwenye bajeti iliyopitishwa, ndiyo. Kama havimo, changishaneni. Msiandike "zana" mahali pa maandazi.

*Kishikwambi changu, vile vya sensa tulivyogawiwa, kimepasuka kioo. Nitengeneze kwa fedha hii?*

Hapana. Hicho ni mali ya serikali iliyo mikononi mwako. Toa taarifa kwa maandishi kwa mwalimu mkuu. Wakati huo someni kwa kishikwambi cha mwenzako, au chapeni moduli.

*Fedha zimeingia katikati ya Juni. Tarehe 30 mwaka wa fedha unafungwa. Tumlipe mzabuni mapema, alete vitu Julai?*

Msilipe kitu ambacho hakijapokelewa na kukaguliwa. Nunueni kile ambacho hitaji lake tayari limo kwenye muhtasari. Kwa fedha inayobaki, andikeni kwa Mkurugenzi kupitia Afisa Elimu Kata kuomba maelekezo, na nakala ibaki kwenye faili.

*Walimu wa kujitolea waingie kwenye jumuiya?*

Waingie. Wanafundisha watoto wale wale.

*Shule yetu ina walimu wanne tu, kila mmoja ana masomo matano. Jumuiya ya Hisabati ni mimi peke yangu.*

Pole, mwalimu. Ungana na shule jirani kwenye klasta yenu, mpokezane: wiki hii kwenu, wiki ijayo kwao. Gharama yenu kubwa itakuwa bodaboda, na bodaboda hana EFD. Tengenezeni fomu ya malipo yenye tarehe, safari, kiasi na saini ya dereva, mwalimu mkuu aidhinishe kabla ya safari. Na siku ya kwanza ukienda, beba madaftari matano ya watoto wako, yale yenye makosa yanayokusumbua.