Kuotesha Mbegu za Zabibu Mwitu Nyumbani

Mbegu ya zabibu mwitu iliyotolewa katika tunda na kufukiwa udongoni siku hiyohiyo kwa kawaida haioti, hata ikimwagiliwa kwa bidii na kuwekwa mahali penye joto la kutosha. Haijafa, imelala tu. Mizabibu mwitu ya maeneo yenye majira ya baridi, kama vile Vitis riparia na Vitis labrusca za Amerika ya Kaskazini, huivisha matunda yake kiangazi kikielekea ukingoni au baada yake, na kama mbegu zingeota papo hapo, miche ingekutwa na jalidi ikiwa bado michanga na ingekufa yote. Kwa hiyo mbegu husubiri hadi ipitiwe na miezi kadhaa ya baridi ikiwa na unyevu, ndipo ikubali kuamka joto linaporudi. Kazi ya mwoteshaji ni kuipatia baridi hiyo ndani ya friji.

Kabla ya kuchuma, hakikisha kwamba mmea ulio mbele yako ni mzabibu kweli. Katika misitu ya Amerika ya Kaskazini upo mmea utambaao, Menispermum canadense, ambao vichala vyake vyeusi vinafanana mno na zabibu mwitu, ilhali matunda yake ni sumu. Mzabibu una vikono vya kujishikiza kwenye miti, na mwenzake huyo hana. Ukipasua tunda la mzabibu utakuta mbegu moja hadi nne zenye umbo la peasi ndogo, lakini katika tunda la mmea ule wenye sumu utakuta mbegu moja bapa iliyopinda kama mwezi mwandamo. Usipoiona mbegu yenye umbo la peasi, liache tunda hilo.

Chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaliyokolea rangi na kuanza kulegea, kwa sababu mbegu ya tunda bichi mara nyingi haijakomaa ndani. Yaponde kwa mkono katika bakuli la maji, kisha usugue mbegu kwenye chujio chini ya maji yanayotiririka. Watu wengi huharakisha hatua hii. Nyama ya tunda ina sukari inayoalika kuvu, na pia ina viambato vinavyoizuia mbegu kuota, hivyo haitoshi kuisuuza mara moja na kuridhika. Isugue mbegu kati ya kidole gumba na cha shahada: mwanzoni itakuponyoka kwa utelezi, na utakapokwisha utelezi huo utahisi ukavu wa gome, mifereji miwili upande wa tumbo na kibonyeo kidogo cha mviringo mgongoni. Hapo ndipo mbegu imekuwa safi. Zitumbukize zote katika maji, uzikoroge kidogo, uondoe zinazoelea, kwani nyingi kati ya hizo ni tupu, kisha uache zilizozama zilowe kwa saa 24.

Sasa chukua mchanga safi au mboji laini, uuloweshe, kisha ukamue konzi moja mkononi. Ukishikamana bila kutiririsha maji, unyevu unafaa. Changanya mbegu humo, tia katika mfuko wa plastiki usiofungwa kwa kukazwa sana, andika tarehe na aina, na uweke ndani ya friji kwenye nyuzi joto kati ya 1 na 5 za Selsiasi kwa muda wa miezi mitatu hivi. Sehemu ya kugandishia barafu haifai, maana mbegu iliyokwisha kunywa maji inaweza kupasuka inapoganda, na hata isipopasuka, katika baridi kali kiasi hicho yale mabadiliko ya ndani yanayoiamsha hayaendelei. Vilevile, baridi bila unyevu haisaidii kitu. Mara ya kwanza nilizianika mbegu zangu kwenye sahani, nikazitia kwenye bahasha na kuzihifadhi zikiwa kavu kwenye friji kwa majira mazima ya baridi, na baada ya kuzisia sikupata hata mche mmoja. Fungua mfuko kila baada ya wiki mbili, uangalie na unuse: harufu ya udongo ni njema, lakini harufu ya uchachu au utando mweupe juu ya mbegu unadai zioshwe upya na kubadilishiwa mchanga.

Wapo wanaokwangua gome la mbegu kwa msasa au kuziloweka katika asidi ya jibereliki, homoni ya ukuaji wa mimea, ili kufupisha muda wa kungoja. Dawa hiyo hufanya kazi kwa mwenye uzoefu wa vipimo, ila kwa mbegu chache za nyumbani sioni haja yake, na msasa ukishakigusa kiinitete umeiua mbegu.

Miezi mitatu ikitimia, sia mbegu kwenye kina cha sentimita 1 katika makopo yenye matundu chini na udongo usiotuamisha maji. Ziweke mahali penye nyuzi joto 20 hadi 30 mchana, na usiku zikipoa kidogo si neno, kwani kupanda na kushuka kwa joto huchochea uotaji. Mzizi hutokea kwenye ncha ile nyembamba ya peasi, kisha shina dogo hujipinda kama kulabu na kuinuka na majani mawili ya mwanzo, ambayo ni laini na hayana meno wala pembe za jani la mzabibu, kwa hiyo usiyang'oe ukidhani ni magugu. Baadhi ya mbegu huchipua katika wiki mbili au tatu, na nyingine baada ya miezi miwili. Zisizoota kabisa usizitupe. Zirudishe kwenye friji zikiwa na unyevu kwa majira mengine, kwa sababu baadhi huamka mwaka wa pili.

Adui mkubwa wa miche hii ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaolainisha shina usawa wa udongo hadi mche uanguke. Huja kwa maji mengi na hewa iliyotuama, kwa hiyo mwagilia kutoka chini, acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na kama uliyafunika makopo kwa plastiki, iondoe mifuniko hiyo mara tu miche inapojitokeza. Mche ukifikisha majani halisi manne au matano, uhamishie kwenye chungu chenye kina, maana mzizi wake hukimbilia chini upesi. Anza kuutoa nje kivulini kwa saa chache, ukiongeza muda siku hadi siku, na usiuache nje usiku wenye jalidi.

Kuna jambo la kujua kabla ya kutenga nafasi ya kudumu. Mche wa mbegu haufanani na mama yake kwa kila kitu, na anayetaka zabibu zilezile alizozionja msituni atumie pingili, yaani vipande vya shina, badala ya mbegu. Tena, mizabibu mwitu iliyo mingi ina mimea dume na mimea jike, na dume hauzai matunda kamwe. Jinsia haijulikani hadi mmea utoe maua, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miaka miwili hadi minne. Kwa sababu hiyo panda miche sita au zaidi badala ya miwili, na itakapochanua chunguza maua yake kwa kioo cha kukuzia: ua dume lina vijiti virefu vya chavua vilivyosimama wima bila ovari iliyokua katikati, na ua jike lina ovari nene yenye umbo la chupa, na vijiti vyake vya chavua vimepinda kuelekea chini. Ukishaitambua, bakiza dume mmoja karibu na majike, na madume mengine waweza kuyaondoa.